Mwezi Mmoja wa Mtaa: Mwongozo Kamili wa Kuutunza Mji Mdogo

Siku nilipokabidhiwa ofisi ya mtaa nilipewa mhuri, ufunguo wa kabati lisilofungika, na faili nene la malalamiko. Ramani hakuna. Orodha ya mitaro hakuna. Barua ya juu kabisa kwenye faili ilihusu kalvati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lililoziba karibu na soko. Ya chini kabisa, ya miaka minne nyuma, ilihusu kalvati lilelile.

Naandika kwa ajili ya mwenyekiti, mtendaji au mjumbe wa kamati ya mtaa katika mji mdogo wa Tanzania, hasa walioingia kwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Mji ninaoujua mimi uko Nyanda za Juu Kusini, kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya, ambako mvua huanza Novemba na kukatika Aprili. Kama wewe uko upande wa vuli na masika, sogeza miezi. Kazi ni ileile. Na kama mji wenu ni mamlaka ya mji mdogo, chini yenu kuna vitongoji, si mitaa, kwa hiyo soma "kitongoji" kila ninapoandika "mtaa".

Nilidhani tatizo litakuwa fedha. Fedha zilikuwa ndogo kweli, lakini kilichonishinda mwaka wa kwanza ni tarehe: hakuna aliyeweza kuniambia mtaro fulani unazibuliwa lini, na nani. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa kalenda ya mwezi mmoja, tarehe 1 hadi Jumamosi ya mwisho.

Kabla ya yote: kipi ni cha nani

Tenga jioni moja tu kwa hili, lakini usiliruke. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mkusanyo, za mlisho na za jamii, yaani karibu zote zinazopita mbele ya nyumba zetu, ziko chini ya TARURA tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017. Nguzo na nyaya ni za TANESCO. Bomba ni la mamlaka ya maji ya mji wenu, au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama bado mnahudumiwa nao. Soko, stendi, machinjio na dampo ni vya halmashauri. Mtaro mdogo kati ya nyumba na nyumba, majani ya kando ya njia, taka za mlangoni: hayo ni yetu, na hakuna atakayekuja kuyafanya.

Faida yake utaiona wiki ya pili. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika hairudi na jibu, inalala tu. Andika kwa mwenye mali, ipitie kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, na mpelekaji awe na daftari la dispatchi ili mpokeaji asaini. Sahihi ile ndogo imenisaidia kuliko hotuba zote nilizowahi kutoa.

Tarehe 1 hadi 5: tembea

Tembea mtaa wote kwa miguu, saa 12 asubuhi, ikiwezekana siku iliyofuata mvua. Pikipiki hapana. Ukiwa juu ya pikipiki unaona mashimo tu. Ukitembea unaona maji yalilala wapi, yalikwaruza ukuta wa nani, na yaliacha mstari wa matope kwenye kimo gani.

Chukua daftari, futi, kopo la rangi na fimbo ya mita moja uliyoitia alama kila sentimita 10. Nenda na mjumbe mmoja wa kamati na mtu mmoja mwenye umri mkubwa anayeukumbuka mtaa kabla haujajengwa. Mzee niliyetembea naye alisimama nyuma ya stendi, akagonga chini kwa bakora: "Kijana wangu, hapa palikuwa na kijito. Mmekijengea banda la chipsi, lakini chenyewe hakijui." Mtaro wa pale huwa unafurika kila Januari. Nilikuwa nimeandika sababu kuwa ni taka.

Kila mtaro upe namba, uipake kwa rangi kwenye jiwe au ukuta wa kalvati: M1, M2, kuendelea. Chomeka fimbo usome matope yamefika wapi. Kisha fungua daftari lenye safu saba: namba, mahali, tatizo, ni cha nani, amepewa nani, tarehe ya kufungua, tarehe ya kufunga. Mstari mmoja unakuwa hivi: "M7. Nyuma ya stendi, mita 38, kina sm 60, matope sm 30. Wetu. Kikundi cha vijana. Kufungua 3/11. Kufunga ____." Piga na picha ya simu, na mwezi ujao simama palepale ulipokuwa umesimama. Picha mbili za mahali pamoja humaliza ubishi kikaoni.

Usiandike matatizo 60. Mwezi wa kwanza chagua 10: matano ya kwenu mnayoweza kuyamaliza, matatu ya kuandikia barua, mawili ya kufuatilia barua za zamani.

Wiki ya kwanza na ya pili: mitaro

Hapa ndipo mwongozo wangu unakaa zaidi, kwa sababu mtaro ukiziba, barabara inaharibika, choo kinafurika, mbu wanazaliana, na nyumba ya mtu inaingiwa na maji. Yote hayo huja ofisini kama malalamiko manne tofauti.

Anzia chini. Nenda mahali maji yanapotokea, mtoni au bondeni, uzibue kuelekea juu. Vijana wengi huanzia walipo, yaani mbele ya ofisi, na kila wanachokichokonoa kinateremka kujaza sehemu ya chini. Mvua ikija, maji yanakwama chini na kurudi juu. Kalvati nalo lizibuliwe kuanzia mdomo wa kutolea maji. Mtu asiingie ndani ya bomba. Tumia mti mrefu au nondo yenye ndoano, na ndoo za maji.

Matope yaliyotolewa yasilazwe ukingoni. Hili kosa nimeliona kila mji niliopita: tuta refu la matope kando ya mtaro msafi, picha inapigwa, watu wanakwenda nyumbani. Mvua ya kwanza inarudisha yote mle mle. Yasogeze angalau hatua tatu kwenye upande wa chini, au yaache yakauke siku mbili halafu toroli liyachukue. Kama hakuna toroli la siku ya tatu, usianze kuzibua siku ya kwanza.

Kingo zifyekwe, zisilimwe. Jembe linang'oa mizizi, udongo unabaki mlegevu, na wiki mbili baadaye ukingo uko ndani ya mtaro. Majani mafupi ya sentimita chache ndiyo ukuta wa bei nafuu kuliko wote. Nilibishana na mwenyekiti mwenzangu kuhusu hili mpaka mvua ikatuamulia.

Vaa mabuti ya mpira na glavu, kila mtu, kila mara. Mtaroni kuna chupa zilizovunjika na sindano. Asiye na mabuti apewe kazi ya fyekeo au toroli.

Halafu kuna watu. Mama mmoja mwenye mgahawa alikuwa akimwaga maji ya ugali na mafuta mtaroni kila jioni, na mabonge ya mafuta yalikuwa yameganda kama sabuni. Kumpiga faini kwa sheria ndogo kungewezekana. Nilimwendea mchana wateja wakiwa wachache. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekuja kunifungia?" Nikamwomba aweke ndoo yenye chujio la wavu chini ya bomba la kuoshea vyombo, makombo ampe jirani anayefuga nguruwe. Mwezi uliofuata yeye ndiye alikuwa akiwakaripia wenzake. Faini ninayo mfukoni, ila naianzia kwa wenye uwezo wa kujua na wanaojitia hawajui: karakana zinazomwaga oili chafu, wajenzi wanaorundika mchanga juu ya mtaro.

Mashimo ya njia

Barabara ya TARURA huna ruhusa ya kuichimba bila wao kujua. Lakini kwa vichochoro, na kwa mashimo ambayo wamewaruhusu wananchi kuyajaza, fanya hivi.

Toa maji na tope lote. Chonga shimo liwe na kingo zilizosimama wima na pembe nne. Shimo la duara lenye kingo za kulala hutema kila unachokitia. Jaza moramu (udongo wenye changarawe) kwa tabaka za sentimita 10, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo lenye mpini mpaka lianze kudunda, kisha tabaka jingine. Tabaka la juu lizidi usawa wa njia kwa sentimita mbili au tatu, magari yatalishusha. Kumwaga lori zima la kifusi na kusawazisha kwa koleo ni kutengeneza tope la mwezi ujao.

Na kabla hujajaza, jiulize maji yalifikaje pale. Njia ya changarawe inatakiwa iwe na mgongo katikati, ishuke kama sentimita 5 kwa kila mita kuelekea pembeni. Njia ya upana wa mita 5 inahitaji mgongo wa sentimita 12 hivi. Ikishakuwa bapa au imebonyea katikati, hakuna shimo litakalojazwa likakaa; hiyo andikia barua ya greda.

Taka: hesabu kwanza

Watu hupiga kelele za lori bila kujua wanahitaji lori la ukubwa gani. Hesabu ni rahisi. Sensa ya 2022 ilionesha kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Mtaa wa kaya 400 una watu kama 1,720. Kadiria nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku, utapata kilo 860. Taka zetu zikiwa bado hazijashindiliwa hukaribia kilo 300 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ni kama mita 3 za ujazo kila siku. Lori la mita 6 lije kila baada ya siku mbili. Likija mara moja kwa wiki, ghuba la taka litafurika siku ya tatu, na hapo usimlaumu mtu anayetupa taka mtaroni usiku.

Namba hizo zipeleke kwa afisa afya au mzabuni wa taka zikiwa zimeandikwa. Nilipokwenda na "taka zimezidi" nilijibiwa "tunalifanyia kazi". Nilipokwenda na mita za ujazo tulianza kuzungumza ratiba.

Sehemu kubwa ya uzito huo ni maganda na majani. Kaya 50 tu zikichimba shimo la mboji au kutenga maganda kwa wafugaji, lori linapumua. Usianze na mtaa mzima. Anza na mstari mmoja wa nyumba zenye bustani.

Ada ya taka isipokelewe mkononi. Malipo yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo au mashine ya POS, na risiti itolewe palepale. Utaulizwa, nakuhakikishia: "Mbona tunakatwa kwenye LUKU?" Jibu kwa utulivu kwamba kinachokatwa kwenye LUKU tangu Julai 2021 ni kodi ya majengo, na ada ya taka ni kitu kingine chenye sheria ndogo yake. Kuwa na nakala ya sheria ndogo hiyo mezani.

Wiki ya tatu: jambo moja la maendeleo

Matengenezo yanarudisha kilichokuwepo. Kila mwezi ongeza kitu kimoja kidogo ambacho hakikuwepo: kivuko cha watoto wa shule, meza mbili za soko, miti 20 upande wa jua wa stendi, mfuniko wa mtaro.

Nitaeleza mifuniko kwa sababu ndiyo iliyonipa heshima. Mtaro wa upana wa sentimita 60 mbele ya zahanati ulikuwa umefunikwa na mbao, na mjamzito mmoja alitumbukia mguu. Mafundi wa kwanza walitaka kumwaga mabamba makubwa. Bamba la namna hiyo linahitaji watu wanne au watano kulinyanyua, maana yake halitanyanyuliwa kamwe, na mtaro utaziba chini yake bila mtu kuona. Sisi tulimwaga vipande vya urefu wa sentimita 80, upana 40, unene 8. Kimoja kina uzito wa kilo 60 hivi. Watu wawili wanakinyanyua kwa vishikio vya nondo tulivyoacha vimechomoza.

Mchanganyiko ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba, maji yasizidi. Zege likitiririka kama uji ni dhaifu. Mfuko mmoja hutoa vipande sita. Weka nondo upande wa chini wa bamba, juu ya vijiwe vya sentimita 2 ili zege lipite chini yake. Mwagilia siku saba mfululizo, funika kwa magunia. Kipande kilichokaushwa juani bila maji kitapasuka siku gari la kwanza likikikanyaga.

Kuhusu saruji, neno moja la uzoefu: hesabu mifuko inapopokelewa na hesabu mifuko mitupu jioni. Mapokezi yasifanywe na aliyenunua, na aliyenunua asiwe ndiye msimamizi wa ujenzi. Ndiyo maana miradi ya nguvu za wananchi na fedha za serikali huwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Lori la mchanga nalo lipimwe kwa futi, urefu kwa upana kwa kina, kabla halijamwaga. Mara moja tulipokea "tripu ya mita nne" iliyokuwa mita mbili na nusu. Dereva alicheka kwanza, halafu akarudi na nyingine. Na kama fedha ni za serikali, kumbuka manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa kielektroniki. Usimwagize mwenye duka kwa mdomo ukitegemea kupanga karatasi baadaye.

Fedha zipo wapi? Michango ya wananchi ni halali ikiwa imepitishwa na mkutano, imeandikwa kwenye muhtasari na ina risiti. Na kwa kazi ya kudumu, angalia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaozibua mitaro yenu kikisajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii kinaweza kuomba mkopo wa guta la taka. Wasaidie kuandika andiko. Usiwaandikie wewe, wataulizwa maswali na watakwama.

Jumamosi ya mwisho

Tangu 2016 Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Jirani zetu Rwanda wana Umuganda siku hiyohiyo, na wengi wetu tumekulia kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Siku hii ndiyo inayopoteza nguvu nyingi kuliko zote ikiendeshwa vibaya.

Siku kumi kabla, thibitisha lori. Siku tano kabla, gawa mtaa vipande kwa namba za mitaro, kila kipande na mjumbe wake na vifaa vyake vilivyohesabiwa. Ijumaa jioni gari la matangazo au vijana wenye kipaza sauti wapite, na msikitini na kanisani watangaze. Anza saa 1 asubuhi, maliza saa 4, maduka yafunguliwe. Ukivuka saa 4 mwezi ujao watu hawatakuja.

Lori likikosekana dakika ya mwisho, badilisha kazi. Usiruhusu marundo. Fyekeni kingo, jazeni mashimo, pakeni upya namba za mitaro. Marundo 40 ya taka yaliyokaa hadi Jumatano yanatawanywa na mbwa na upepo, na watu wanaapa kutofagia tena.

Soko, choo cha soko na machinjio vikaguliwe siku hiyohiyo na afisa afya: sabuni ipo, maji yanatiririka, shimo la choo limebakiza kina gani. Likibakiza nusu mita, omba gari la kunyonya sasa, siyo likishafurika siku ya gulio.

Kikao, barua na mwaka

Wiki ya mwisho kamati ikae na daftari. Ajenda isizidi mistari 10 ileile mliyofungua tarehe 5. Kila mstari usomwe: umefungwa, haujafungwa, kwa nini. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni nje ya ofisi, kwa kalamu nene, hata kama ni shilingi 30,000 za mabuti. Yaliyoshindikana kwenu mwenyekiti ayabebe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Peleka mambo matatu yenye vipimo na picha. Orodha ya mambo 20 husikilizwa kama wimbo.

Angalia pia mwaka. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla ya hapo. Ombi la kalvati jipya linalofika Aprili limechelewa mwaka mzima. Ombi la greda kwetu huandikwa Mei barabara zikiwa zimeanza kukauka. Oktoba yote ni ya mitaro, hatushiki kitu kingine.

Jioni ya siku ya mwisho fungua ukurasa mpya. Iliyofungwa iache, ambayo bado ihamishe kwa mkono, ikiwa na tarehe yake ya awali ya kufunguliwa, siyo tarehe mpya. Mstari wa kalvati la sokoni, ambalo mkandarasi alikuwa amelilaza juu kuliko mtaro hivi kwamba maji yalilizunguka, niliuhamisha mara 11. Mara ya 12 greda na mafundi walikuwa bado wanapakia vifaa kwenye lori nilipochukua kalamu na kuandika tarehe kwenye safu ya saba.